Kabla ya Kupigilia Sakafu ya Mbao

Sisi tunaoishi nyanda za juu tunaijua sana baridi ya sakafu ya saruji mwezi wa Juni na Julai. Mtoto anayetambaa tunamvika soksi mbili mbili na bado magoti yanakuwa ya baridi kama chuma. Bibi akishuka kitandani alfajiri, hukanyaga kwa ncha ya mguu na kutafuta kandambili kwa kupapasa. Ndiyo maana mama wa Iringa, Njombe au Mbeya akijaliwa kujenga, na ikabaki akiba kidogo, mara nyingi moyo wake huenda kwenye sakafu ya mbao. Mbao hazinyonyi joto la mguu kama saruji, ni rahisi kusafisha, na zikiwekwa vizuri zaweza kudumu mpaka wajukuu wakazichezea.

Neno ninalolitilia mkazo ni hilo, zikiwekwa vizuri. Mimi ni muuguzi, wala si seremala, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika habari za mbao. Lakini nimeona fedha ya mama mwenzetu ikipotelea sakafuni, na nimeona kijana akikaribia kupoteza maisha kwa sababu ya mbao zilizokuwa zinakaushwa. Yote mawili yangeweza kuzuilika.

Sherehe ya kipaimara

Mwezi wa Aprili 2023 mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Iringa alikuwa anamalizia nyumba. Mumewe anafanya kazi Dar es Salaam, na huko ndiko alikonunua mbao. Aliambiwa ni mninga mtupu. Zilipakiwa kwenye lori, zikapanda Kitonga, zikafika usiku mvua ikinyesha. Siku ya tatu fundi alianza kupigilia, kwa sababu kipaimara cha binti yao kilikuwa kimekaribia na wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Zege la sebule lilikuwa limemwagwa mwezi wa Februari. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye kikoba cha mama huyu, akiba ya miaka minne ya kupika vitumbua na kushona sare za shule.

Siku ya sherehe sakafu iling'aa kama kioo. Nakumbuka tulivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mwezi wa Septemba alinipigia simu. "Dada, njoo uone sakafu yangu. Mimi siielewi." Nilipofika nilikuta nyufa kati ya ubao na ubao tangu ukuta hadi ukuta. Sarafu ya shilingi 100 ilianguka mkononi mwake, ikasimama kwa ubavu, ikadumbukia mbele ya macho yetu. Upande wa dirishani mbao zilikuwa zimejikunja, kingo juu na katikati chini, hata ukipita bila viatu unazihesabu kwa unyayo. Mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja, alikuwa na kibanzi gotini. Nilikitoa, nikasafisha kidonda, nikaomba kadi ya kliniki. Ashukuriwe Mungu, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zilikuwa zimekamilika, na ndani yake mna kinga ya pepopunda.

Kidonda cha goti kilipona baada ya siku chache, lakini kidonda cha nyumba hakikupona upesi. Mama alimlaumu fundi kwamba hajui kazi. Fundi alisema baba ameletewa mbao mbovu. Baba naye, kwa simu, alisema haraka ya kipaimara haikuwa yake. Wiki mbili nzima watu wawili waliojenga nyumba pamoja hawakusemezana ila kuhusu ada na chakula cha watoto.

Nilimwomba mzee mmoja wa usharika wetu, seremala mstaafu, aje atazame. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ufa, akang'oa ubao mmoja, akautazama mgongoni. Akatuambia, "Wanangu, mbao hizi hazina kosa kubwa. Zilikuwa bado zinakauka, nanyi mkazipigilia misumari. Zimemalizia kukauka humu humu sakafuni." Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukuliona. Mbao tisa hivi zilikuwa na nyufa nyembamba mno, na hizo ndizo zilizokuwa mninga kweli. Zilizobaki zilikuwa za mti mwingine, zimepakwa rangi zifanane. Mninga ni maarufu kwa kutobadilika sana ukikauka, na mzee alisema ndiyo maana wauzaji wengine hupenda kuuchanganya.

Kwa nini ubao hupungua

Tangu siku hiyo nimemsumbua mzee huyu kwa maswali, na nimesoma pia. Ubao, hata ukatwe miaka mingi, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ukikaa kwenye hewa ya pwani, yenye unyevu mwingi, ubao hutulia ukiwa na maji kama asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Sasa ulete Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Tangu Mei hadi Novemba huku mvua ni ya kubahatisha. Kufikia Septemba na Oktoba midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na nguo za asubuhi zimekauka kabla ya saa sita. Katika hewa hiyo ubao wa ndani ya nyumba waweza kushuka hadi asilimia 9 au 10. Maji hayo yanayotoka ndiyo yanayoacha nafasi.

Ajabu yake, ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hupungua upana. Ubao wa sentimita 10 waweza kupoteza milimita 1 hadi 2, kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Utasema milimita 1 ni nini? Piga hesabu ya sebule yenye upana wa mita 4. Inaingia mbao 40, na kila moja ikipoteza milimita 1 tu umepoteza sentimita 4. Mbao za mama huyu zilikuwa pana, sentimita 15 kila moja, tena mbichi kuliko mbao za kawaida za pwani. Nyufa zake zilifika milimita 3.

Kwa hiyo yafaa kuchagua mbao nyembamba za sentimita 6 hadi 8. Zitapungua vile vile kwa jumla, ila upungufu utagawanyika kwenye nyufa nyingi ndogo zisizomeza sarafu wala makombo ya chakula. Nyufa pana si suala la urembo tu. Humo hukaa vumbi na mende, ambao ni adui wa mtoto mwenye pumu, na viroboto hupenda kukulia kwenye nyufa za sakafu.

Zile mbao za dirishani zilizojikunja zilikuwa na shauri jingine. Juu zilikuwa zinakaushwa na jua la dirisha, na chini zilikuwa zinanyweshwa na zege lisilokauka. Mafundi wengi wazoefu hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa zege. Zege la sentimita 10 lahitaji kama miezi minne, na la mama huyu lilikuwa na miwili. Waweza kulipima mwenyewe bila kumlipa mtu. Chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku nzima, mchana na usiku. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi, usiruhusu mtu alete mbao.

Jinsi tulivyofanya chumba cha watoto

Mwaka 2024 akina mama wa usharika wetu tuliamua kuweka sakafu ya mbao katika chumba cha Shule ya Jumapili. Watoto walikuwa wanakaa kwenye mikeka juu ya saruji, na kila Julai nusu yao walikuwa wanakohoa. Nilichaguliwa kusimamia, nadhani kwa sababu nilikuwa nimezungumza mno habari za sakafu ya mwenzetu.

Kabla ya kununua tulimkumbuka yule mtu wa kwenye Injili ya Luka, aliyepaswa kukaa chini na kuhesabu gharama za mnara. Tulihesabu, tukaona mninga wa chumba kizima hatuuwezi. Si ghali bure. Mninga huchukua miaka mingi kukua, na katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama mwaka 2022, mininga na mikongo ya Afrika iliwekwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa. Tulinunua misaji ya kupandwa, na tukadai hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mama anayenunua mbao zisizo na hati anaweza kunyang'anywa njiani, na fedha yake hairudi. Tulikataa pia kila ubao wenye ukingo mweupe. Sehemu hiyo ya nje ya mti ndiyo wadudu wanaobungua mbao huipenda. Kiini cha rangi iliyokoza hustahimili zaidi.

Mbao ziliingia mwishoni mwa Mei. Hatukuzipeleka stoo wala chini ya turubai uani. Tuliziingiza katika chumba kile kile zitakamokaa, baada ya lipu na rangi kukauka na madirisha kuwekwa vioo. Nasisitiza hilo, kwani lipu mbichi hutoa maji mengi hewani, na mbao huyanywa yote. Mzee alizipanga safu kwa safu, kati ya safu na safu akaweka vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2, kila baada ya nusu mita, kijiti juu ya kijiti kwa mstari ulionyooka ili mbao zisipinde. Chini kabisa aliweka magogo ili hewa ipite. Papi zitakazobeba sakafu nazo ziliwekwa humo humo, maana papi mbichi hung'oa misumari kama vile ubao mbichi.

Sasa hapa ndipo uuguzi uliponisaidia. Niliuliza, "Mzee, tutajuaje kuwa zimekauka?" Akajibu kwamba yeye hugonga na kusikiliza. Mimi sina sikio hilo. Nikamwambia, basi tuzipime uzito kama watoto wa kliniki, ila hawa tunataka wapungue. Alicheka sana, kisha akakubali kwamba ndivyo hasa wafanyavyo kwenye viwanda.

Tulikata kipande cha sentimita 30 kutoka katikati ya ubao mmoja, wala si mwishoni, kwa kuwa miisho hukauka mapema na hudanganya. Tukapaka rangi ya mafuta kwenye ncha zake mbili ili maji yatoke kwa ubavu tu, kama yatokavyo kwenye ubao mrefu. Kipande kikawekwa ndani ya rundo, na kila Jumamosi baada ya usafi wa kanisa nilikitoa na kukipima kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja. (Mizani ya kuning'inizia watoto haifai, hiyo huonyesha kila gramu 100, na mabadiliko yote ya mbao yatapita bila kuonekana.) Niliandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza gramu 540. Baadaye 526, 515, 508, 502, 498, 495. Wiki ya nane 494, ya tisa 494, ya kumi 494. Uzito ukisimama wiki mbili au tatu, ubao umepatana na hewa ya chumba.

Anayetaka kuhakikisha zaidi akate kipande kidogo kingine siku hiyo, akipime, akiweke kwenye oveni yenye joto linalozidi kidogo 100, akitoe na kukipima mara kwa mara hadi kisipungue tena. Chetu kilikuwa gramu 55 na kikabaki 50. Kilichopotea ni 5. Gawanya kwa 50, ni asilimia 10. Siku hizi kuna pia kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachosoma unyevu wa ubao papo hapo. Fundi wako akiwa nacho, mwombe apime mbele yako, mbao kadhaa za katikati ya rundo, si zile za juu tu.

Wengine huniuliza kama basi si bora kungoja Oktoba, mbao zikauke kupita kiasi. La hasha. Ubao uliokauka mno ukibanwa kwa nguvu, mvua za Desemba zitaunenepesha nao hautakuwa na pa kwenda, sakafu itainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Ndiyo maana mafundi wazuri hupendelea Julai na Agosti, tena huacha nafasi ya kama sentimita moja kuzunguka kuta zote, ikafunikwa na skatingi. Ukimwona fundi anabana ubao wa mwisho ukutani kwa nyundo, msimamishe kwa upole.

Usiku wa jiko la mkaa

Jambo hili naliandika kwa aibu, kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu. Mbao zilipokuwa zimepangwa tulimweka kijana, saidia wa fundi, alale katika chumba cha pili kuzilinda. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nikimwambia, "Bado hazijakauka, bado." Usiku mmoja wa Julai, baridi kali, alihamia kwenye chumba cha mbao, akawasha jiko la mkaa, akafunga madirisha yote na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Alitaka kuota moto, na alitaka pia kutusaidia zikauke upesi.

Mama aliyekuja kufagia alfajiri aligonga, akasikia mtu anatapika. Walipoufungua mlango kijana hakuweza kusimama. Alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, anashika kichwa. Walimburuta nje kwenye hewa, wakanipigia simu, tukampeleka hospitali akawekewa oksijeni. Alipona. Angelala saa chache zaidi tungekuwa tunaimba nyimbo nyingine.

Akina mama, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haionekani. Moshi ukiisha na mkaa ukawa mwekundu tunadhani hatari imekwisha, kumbe sumu bado inatoka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Mama wengi huzidhania malaria. Watu wawili wa chumba kimoja wakiamka wote na kichwa kinauma, waza jiko kwanza. Watoe nje, fungua madirisha, na uwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Na kwa mbao zenyewe, jiko halisaidii. Joto la ghafla hukausha ngozi ya ubao kabla ya ndani, nao hupasuka. Kinachokausha vizuri ni hewa inayopita, yaani madirisha wazi mchana na subira.

Siku ya kupiga randa na msasa mwondoe mtoto nyumbani, na mjamzito asikae karibu. Vumbi la mbao ngumu huwasha macho na kifua, la mvule hasa, na tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fundi avae barakoa inayobana, si kitambaa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Vanishi nayo ipakwe madirisha yakiwa wazi, na msilale ndani mpaka harufu iishe.

Chumba chetu kilipigiliwa wiki ya pili ya Agosti 2024. Septemba nilipita na sarafu yangu ya shilingi 100, nikijaribu kila ufa. Haikuingia.

Yule mama mwenzetu aliniona nikiinama inama na sarafu, akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka huu yeye na mumewe wameng'oa sakafu yao. Baba alichukua likizo akaja kuzing'oa mwenyewe, ubao kwa ubao, wakaziandika namba kwa chaki ili kila moja irudi mahali pake, wakatandika nailoni nzito juu ya zege kabla ya papi. Mbao za zamani zimekwisha kuizoea nyumba, zinapigwa randa kingo tu. Zinazongojewa ni mbao mpya 11 za kujazia, zimepangwa ukumbini juu ya vijiti, na kila mtu humo ndani anapita ubavu ubavu. Wiki iliyopita kipande chao kilipungua gramu 4. Nitarudi Jumamosi na mizani.